Alama Katika Sauti ya Mama Kibe

Kilimani, Jumatatu, 3 Machi 2025

Mama Waithera,

Shikamoo. Hunijui, nami sijawahi kukuona, lakini nimeisikiliza sauti yako wiki tatu mfululizo, kwa hiyo nisamehe nikikuandikia kama mtu ninayekufahamu. Naitwa Mahira. Nafanya kazi katika hifadhi ya rekodi huku Kilimani, ile iliyokutumia watu wawili na kamera mwaka juzi ili ueleze habari za moto wa lojingi, ile nyumba ya kulala wageni ya River Road. Uliahidiwa kwamba uso wako utatiwa giza na sauti yako itabadilishwa. Hilo lilifanywa. Aliyeharibu ni mimi.

Nikueleze kazi yangu ili ulielewe kosa langu. Rekodi haitafutiki kama kitabu. Mtu akitaka neno moja ndani ya saa mbili za maongezi, hana budi kusikiliza zote. Kwa hiyo sisi huandika faili ya pembeni inayokwenda sambamba na rekodi. Kila kinaposikika kitu nafungua alama, naandika dakika na sekunde kilipoanza na kilipoishia, nani anasema, anataja nini, na kuna mlio gani nyuma yake. Kisha nafunga alama. Baada ya hapo, yeyote mwenye akaunti akiandika "kufuli", kompyuta inampeleka moja kwa moja pale mtu alipolitamka. Nilikuwa najivunia kazi hii. Sikuacha kitu. Mbwa akibweka, niliandika mbwa.

Dakika ya arobaini na moja ya rekodi yako, jirani anapita nje na kusema, "Mama Kibe, nguo zako zinanyeshewa." Mashine ilibadilisha sauti yako, haikugusa ya jirani. Nami nikaiwekea alama, neno kwa neno. Niliwekea alama pia kwaya inayosikika kwa mbali, na mhubiri anayetaja jina la kanisa kwenye spika, na pale uliposema kwamba siku hizi unampikia daktari wa meno Kitisuru.

Alhamisi nilifungua orodha ya wanaotafuta. Kuna mtu mmoja ametafuta "kufuli", kisha "mlango wa nyuma", kisha "ufunguo", kisha "nani alifunga". Kesho yake akatafuta "Mama Kibe" mara kumi na tisa, halafu akachukua faili yote ya alama.

Nikataka kujua kama hayo yanatosha kumfikisha mtu kwako. Jumamosi nilikwenda Kangemi, nikasimama nje ya kanisa lile na kuuliza Mama Kibe anakaa wapi. Kwa dakika kumi nilikuwa na jina lako, jina la mwanao na nyumba unayofanya kazi. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani.

Nakuomba uondoke hapo kwa muda. Simu siiamini, ndiyo maana naandika kwa karatasi. Namwachia askari wa geti lenu barua hii. Ukitaka kujibu, apeleke jibu lako kwa mjomba wangu Abdalla, anayechapisha kadi za harusi River Road, ghorofa ya kwanza.

Nisamehe.

Mahira

*

Kitisuru, 5 Machi 2025

Kwa Mahira,

Barua yako nimeipata. Mimi siye huyo mama unayemtafuta. Waithera ni wengi na akina Mama Kibe ni wengi. Mimi ni mpishi tu, sijawahi kukaa mbele ya kamera.

Nakujibu kwa sababu nikinyamaza utafikiri nimekubali. Unasema umeniogopea, halafu unanipa mahali pa kuleta jibu River Road. Mtu mwema hawezi kumwita mtu River Road. Kama umetumwa na Muigai, mwambie sijasema chochote kwa mtu yeyote na sina la kusema. Mwanangu ni mtu mzima, ana kazi yake, asihusishwe.

Askari wetu Nzioka huenda mjini siku zake za mapumziko, ndiye amebeba hii. Yeye hajui chochote. Usimuulize.

Waithera

*

Kilimani, Jumamosi, 8 Machi 2025

Mama,

Kwenye barua yangu sikumtaja mwenye lojingi. Wewe ndiye umemtaja Muigai. Nakuambia hivi si kwa kukutega. Ni kwa sababu mtu mwingine akikuuliza, usije ukateleza hivyo hivyo.

Najua huwezi kuniamini bila uthibitisho. Wale wa kamera walipokuambia wamemaliza, walizima picha lakini kinasa sauti kiliendelea dakika nne. Ulibaki peke yako. Ukataja majina ya watu kumi na mmoja waliokufa, ukifuata vyumba, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Ulipofika chumba cha sita ulisita, ukarudia jina hilo mara tatu, kisha ukaendelea. Kanuni ya kazi inasema kila sekunde iwekewe alama. Sehemu hiyo sikuiwekea. Niliikata na kuifuta, na bosi wangu Dedan hajui hadi leo. Kwa hiyo walioisikia duniani ni wewe na mimi.

Nilimwomba Dedan aiondoe rekodi yako yote. Akaniambia, "Mahira, uchunguzi mahakamani unaanza Mei. Hizi rekodi ndizo kitu familia ziko nazo. Nikitoa moja, wataniuliza nimehongwa na nani." Niliposema kuna mtu anakuwinda, akasema anayetafuta ametumia akaunti ya kawaida, hajavunja sheria. Ni kweli, hajaivunja. Jana ametafuta tena: "mfagiaji", halafu "Jumapili".

Mahira

*

Kitisuru, 12 Machi 2025

Mwanangu Mahira,

Nimesoma barua yako jikoni, nikaisoma tena stoo. Ni mimi. Majina yale nilidhani ni Mungu peke yake aliyeyasikia.

Sasa nitakuandikia kitu ambacho sijamwambia hata Kibe. Ukishakisoma, utaamua kama bado unataka nikimbie au nikamatwe.

Nilifagia lojingi ile miaka sita. Muigai mwenyewe alinipa ufunguo wa mlango wa nyuma. Alisema ukitoka funga, kichochoro kimejaa wezi. Kila Jumapili namaliza saa saba mchana, nafunga kwa kufuli, nateremka, naenda zangu Kangemi. Jumapili ile pia nilifanya hivyo. Chumba cha sita alikuwa anakaa msichana anaitwa Wamucii. Alinifuata kwenye korido akasema, "Mum, leo niachie mlango wazi." Nikamwambia siwezi, bosi atanifuta kazi. Akasema sawa. Hakubishana hata kidogo.

Moto ulianza saa tisa huko mbele, kwenye nyaya za stima. Mimi nilikuwa nyumbani nakunywa chai, na ufunguo uko ndani ya mfuko wa aproni.

Wenye kamera waliponiuliza, nilisema, "Mlango ulikuwa umefungwa." Sikudanganya, lakini sikusema ni nani aliyefunga.

Siku ya tatu baada ya mazishi Muigai alikuja kwangu. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti changu, akaomba maji, akanywa. Akauliza, "Waithera, ufunguo uko na nani?" Nikasema niko nao. Akasema, "Basi tuko wawili wa kunyamaza." Akarudisha gilasi mezani, akaenda.

Kwa hivyo unaposema kuna mtu anatafuta neno "ufunguo", usiku silali. Mwanangu, mimi namwogopa huyo mtu, lakini kitu kinachoniogopesha zaidi ni kwamba ana haki ya kutafuta.

Mama Kibe

*

Kitisuru, 19 Machi 2025

Mahira,

Wiki nzima hujajibu. Nzioka amepita dukani kwa mjomba wako mara mbili, akaambiwa hakuna kitu. Najua nilichokuandikia si kitu cha mtu kupokea na kuendelea kula. Lakini niambie kama umemwambia mtu. Niambie tu ndiyo au la.

Jana saa nne asubuhi wanaume wawili walikuja getini na gari la kijivu. Walivaa suti. Mmoja akamwambia Nzioka kwa upole, "Tunamtafuta Mama Kibe, tuko na barua yake." Nzioka akasema hapa hakuna mtu wa jina hilo. Akaulizwa, "Mpishi wenu anaitwa nani?" Akasema mpishi amesafiri. Yule mtu akacheka kidogo akasema, "Mwambie akirudi tutapita." Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha la jikoni, nawaona kupitia ua. Sufuria ya maziwa ilichemka ikamwagika yote kwenye jiko na sikusogea.

Kila gari likipunguza mwendo nje, najificha. Leo nimejificha mara mbili kwa sababu ya gari la taka.

Waithera

*

Kilimani, Jumamosi, 22 Machi 2025

Mama yangu,

La. Sijamwambia mtu.

Sikujibu kwa sababu nilianza barua nne nikazichana. Nilitaka kukuandikia kwamba si kosa lako, nikaona siwezi kuandika hivyo, na pia siwezi kuandika kinyume chake. Nilichelewa, na kuchelewa kwangu kumekutesa. Naomba radhi.

Sasa nisikilize kwa makini. Nimemjua anayetafuta. Anaitwa Thuo. Ni fundi wa spika na redio hapo mjini, na Wamucii wa chumba cha sita alikuwa dada yake. Jumanne, siku ile ile wale watu walipokuja kwenu, yeye alikuwa ofisini kwetu. Alikuja kumuuliza Dedan ni nani aliyeandika alama. Dedan akaniita. Nikakaa na Thuo meza moja.

Ni mtu mfupi, mpole, anaongea akiangalia mikono yake. Akasema, "Nimesikiliza watu thelathini na wanne. Wote wanasema mlango ulifungwa. Mlango haujifungi." Kisha akasema, "Wewe umezisikia hizi sauti kuliko mtu yeyote. Ni nani?"

Nikamwambia sijui.

Akasema, "Huyo mama wa nguo kunyeshewa, mmembadilisha sauti, lakini analia tofauti na wale wengine. Wao wanalia wamefiwa. Huyo analia kama mtu anaogopa kuulizwa swali." Nikamuuliza kama amewahi kwenda Kitisuru kukutafuta. Akajibu, "Niliona Kitisuru kwenye faili yenu. Sijaenda. Naogopa nikimpata nitafanya nini."

Nilitoka pale nikidhani nusu ya hofu yetu imekwisha, kwamba anayewinda ni mtu aliyefiwa tu. Kisha barua yako ikaja. Thuo hana gari, na saa nne asubuhi ile alikuwa mbele yangu. Nikamuuliza Dedan kama kuna mwingine aliyechukua faili. Akanionyesha barua ya mawakili wa Muigai. Waliiomba rasmi wiki mbili zilizopita, na Dedan akawapa yote, kwa sababu hifadhi iko wazi kwa wote. Kwa hiyo waliokuja getini ni watu wa Muigai, Mama, na ramani waliyoifuata niliichora mimi.

Dedan nimemwambia kuhusu watu hao wa getini. Leo amefunga alama zote za sauti za nje, rekodi zote, zisionekane tena hadharani. Lakini kilichochukuliwa kimechukuliwa.

Ondoka leo.

Mahira

*

26 Machi 2025

Mwanangu,

Juu hapo sijaandika mahali, utanisamehe. Nilimwambia Daktari Mwihaki, huyu ninayempikia, kila kitu, nikiwa nimesimama na aproni. Nilidhani atanifukuza. Alichukua funguo za gari lake akanileta huku mwenyewe. Nzioka ndiye anajua pa kuniletea barua.

Nimefikiria sana hapa. Kabla ya wiki hii, kitu hiki tulikijua watu watatu: mimi, Muigai na wewe. Muigai anataka nini na mimi? Hataki kuniua, nafikiri, lakini sina hakika. Anataka kunifikia kabla ya Mei ili nikisimama mahakamani niseme nilifunga kwa akili yangu, yeye hakuniambia. Au nisisimame kabisa. Nikiendelea kujificha, nafanya ile kazi anayotaka nifanye.

Kwa hivyo nitasema. Ongea na wakili wa zile familia, mwambie yuko na shahidi. Usimtajie jina mpaka siku yenyewe. Mwambie pia sitaki kuwekwa nyuma ya pazia wala kubadilishwa sauti. Thuo amekuwa akinisikiliza na sauti ya mashine tu.

Usifikirie nimekuwa jasiri. Nikiandika hivi nimeenda choo mara tatu. Kibe nimemwambia. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi mpaka chakula kikapoa.

Na wewe pia ujichunge. Ukitoka ofisini usipite njia moja kila siku.

Waithera

*

Ijumaa, 9 Mei 2025

Mahira,

Ulikuwa pale Jumanne lakini walikuweka na watu wa mitambo, sikukuona, na baadaye sikuruhusiwa kuongea na mtu. Nakuandikia yale ninayokumbuka ili uniambie yale nisiyoyajua.

Nakumbuka hakimu aliniruhusu kukaa. Alikuwa mama wa umri wangu. Wakili wa familia akaniuliza mambo ya kawaida, kazi, miaka, vyumba vingapi. Halafu akauliza, "Jumapili hiyo nani alifunga mlango wa nyuma?" Niliangalia chini. Nilijua Muigai yuko safu ya mbele kwa sababu ya viatu vyake. Nikasema, "Ni mimi." Nikasema pia nani alinipa ufunguo na alichoniambia, na alichoniambia baadaye nyumbani kwangu. Nikautoa ufunguo kwenye kitambaa nikauweka mezani. Watu walianza kupiga kelele. Mwanamke mmoja alikuwa anasema tu, "Uuui, uuui," bila kupumua. Askari wa kike akanishika mkono akanitoa kwa mlango wa pembeni.

Kabla mlango haujafungwa nilisikia kiti kikiburutwa kwa nguvu na mwanamume akianza kusema. Najua ni Thuo. Nilikuwa nimemtambua nilipoingia, ana macho ya dada yake.

Na kuna lingine, ambalo nimemwambia wakili lakini hana ushahidi. Kwenye korido, askari alipokuwa anafungua chumba, mtu mmoja mwenye suti alinipita karibu sana. Hakusimama. Alisema, "Mama, Kibe hutoka kazini saa kumi na moja, sivyo?" Akaenda. Askari hakusikia. Kibe sasa haendi kazini, tuko naye hapa, tumefunga mapazia mchana kutwa. Akisikia pikipiki anainuka.

Sijui namwogopa nani zaidi, huyo wa suti au Thuo. Uliza huko kwenye mashine zako alisema nini nilipotoka. Nataka kujua kama anakuja.

Waithera

*

Kilimani, Jumatano, 14 Mei 2025

Mama yangu,

Nimepata yote mawili.

Mahakama ilituruhusu kurekodi kwa kamera tatu. Moja ilikuwa karibu na mlango wa pembeni, na kinasa sauti chake kilikuwa upande wa korido. Ulipotolewa, mwenzangu Millicent aliigeuza ikuelekee, na mlango ulipofungwa alisahau kuizima. Hakuna aliyekuwa ameisikiliza, kwa sababu picha yake ni mbao tupu za mlango. Niliposoma barua yako niliketi na vipokea sauti masikioni, nikairudia sehemu hiyo ya sekunde sita labda mara arobaini. Kwanza anasikika karani msichana akicheka kwa mbali. Halafu nyayo. Halafu sauti ya mwanamume, chini, lakini kila neno limekamilika: "Mama, Kibe hutoka kazini saa kumi na moja, sivyo?" Kabla yake, kamera hiyo hiyo inamwonyesha wazi mtu wa suti akitangulia kutoka kwa mlango huo, na hakuna mwanamume mwingine aliyepita.

Nimeiwekea alama, mwanzo na mwisho, nikampelekea wakili peke yake, kwenye faili iliyofungwa. Jana hakimu aliisikiliza. Mtu huyo amekamatwa, na ni mfanyakazi wa Muigai. Muigai mwenyewe ameagizwa asalimishe pasipoti na aripoti polisi kila siku mbili. Uamuzi wa vifo bado, na wakili anasema na wewe unaweza kushtakiwa kwa kiasi fulani. Hakunificha, nami sikufichi. Lakini polisi wawili watakuwa na nyinyi kuanzia leo, na Kibe arudi kazini akipelekwa.

Sasa Thuo. Ulimsikia kweli. Wakili aliuliza nani alifunga. Kisha ukajibu. Kelele zinadumu dakika mbili nzima, sikuweza kutenganisha sauti. Mlango unafunguka, kiti kinaburutwa, na Thuo anasema hivi, nakuandikia kama yalivyo: "Mheshimiwa, nimekuwa nikimtafuta huyu mtu miaka minne. Sijamsamehe. Sijui kama nitaweza. Lakini nimemsikia, na mtu asimguse." Hakimu anamwambia akae. Hakai. Anasema tena, sasa akiwa ameelekea safu ya mbele, "Nimesema asiguswe." Halafu ndipo anakaa.

Sikumwekea alama kabla ya kumuuliza. Nilimpigia. Akasema, "Andika." Kisha akaniomba nikuulize kama utakubali kuonana naye. Nilimuuliza kwa nini. Akasema wewe ndiye wa mwisho aliyeongea na Wamucii na akabaki hai.

Uko huru kukataa.

Mahira

*

Kangemi, Jumapili, 25 Mei 2025

Mwanangu Mahira,

Jana nilikwenda. Mjomba wako Abdalla alitufungulia chumba cha nyuma, kile cha karatasi, akasimama mlangoni kama askari hadi tukamaliza. Polisi alibaki chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga River Road tangu ile Jumapili. Nilipita upande wa pili wa barabara. Pale palipokuwa lojingi sasa wanauza mabomba na vigae.

Nilikuwa naogopa kuliko siku ya mahakama. Kule kulikuwa na hakimu. Hapa ni mimi na yeye na mabunda ya kadi za harusi za watu. Nilimpa mkono, hakuupokea, lakini hakuwa na hasira. Nafikiri hakuuona.

Akasema, "Niambie alikuwa anafanya nini."

Nikamwambia. Mlango wake ulikuwa wazi, alikuwa ameketi kitandani na kioo kidogo mapajani anajisuka. Redio ilikuwa inaongea chini. Akaniona na ndoo, akanifuata kwenye korido, chanuo kikiwa kimechomekwa kichwani, akaniomba nisifunge. Rafiki yake alikuwa anamletea nywele za kumalizia na hakutaka apite mapokezi aulizwe maswali. Nikasema siwezi. Akasema sawa, basi atangoja, akarudi kitandani. Nilipokuwa napita kwenda kufunga, alikuwa anaimba pamoja na redio na anakosea maneno.

Thuo akauliza, "Kwa hivyo hakuwa na hasira na wewe."

Nikasema hakuwa nayo.

Nilisikia mashine ya mjomba wako ikichapa upande wa pili, ikasimama, ikaanza tena. Nilingoja aniambie yote aliyokuwa nayo miaka minne. Hata nilikuwa nimejiandaa anipige.

Akaniuliza, "Nywele alikuwa amesuka mpaka wapi?"

Nikavua kitambaa changu. Nikamwonyesha kwa kidole juu ya kichwa changu mwenyewe, kutoka sikio hili, zikipita juu ya paji, mpaka hapa, zaidi ya nusu kidogo. Akanyoosha mkono, akagusa pale nilipomwonyesha. Akauacha mkono pale.

Mama Kibe